Fungu la Moa

Makorora, Tanga
Alhamisi, 14 Novemba 2024

Dada yangu Mize, shikamoo.

Assalaamu alaykum, na baada ya salamu nakuuliza hali kama nilivyozoea, ingawa leo hata maneno ya kawaida yananikaa vibaya mkononi. Vipi goti? Rahila kaniambia siku hizi unaswali umekaa kitini, na kwamba mwenyewe unacheka na kusema uzee umekujia bila hodi. Mimi sikucheka. Ukiacha ubishi ukaenda zahanati nitafurahi, na kama huendi, basi usiache kujipaka yale mafuta ya nyonyo. Na kisima je, maji yamerudi kuwa matamu au bado yana chumvi? Na yule paka wako mwizi, tangu nilipokuuliza juzi, majirani hawajamfukuza?

Sisi huku Makorora hatujambo. Joto mwaka huu limewahi, watu tunalala madirisha wazi na mbu wanafanya harusi. Rahila anakusalimu sana, anasema ukija usisahau kumletea ukili wa kusukia mikeka. Yule mkubwa amefaulu kwenda sekondari, anatembea mtaani kama waziri. Mdogo bado anabanwa na kifua kila mvua ikinyesha, lakini anacheza. Kwa hiyo nyumbani hakuna ubaya, alhamdulillahi. Ubaya uko kwangu mimi.

Utashangaa kupata barua ya karatasi kutoka kwa mtu ambaye kazi yake ni kompyuta. Simu nimeishika mara nne wiki hii, na mara zote umepokea, na mara zote nimeishia kukuuliza habari za paka. Ukiniita mdogo wangu kwa ile sauti yako, naaga haraka nakata simu. Karatasi haina sauti, ndiyo maana nimeikimbilia.

Kwanza nikushukuru kwa kikapu. Anold wa bodaboda alikipakia vizuri kwenye gari la Jumamosi, kikafika na papa mkavu na mkate wa kumimina, na ndani ya kitambaa nikakuta kile kijikaratasi chako. Nimekisoma mpaka nimekijua kwa moyo. Umeandika nikusamehe kwa kuniingiza katika kesi ya minazi na kunitia aibu mbele ya wakubwa zangu wa kazi. Umeandika pengine umri unakuchezea, pengine maneno ya Mzee Sadalla hayakuandikwa siku ile kama ulivyodhani, na kwamba mtambo wetu hauna sababu ya kusema uongo. Lahaula! Dada, wewe ndiye wa kuniomba mimi radhi? Mkate ule ulinishinda kumeza. Niliwaachia Rahila na watoto wetu, nikasingizia tumbo.

Sasa nitaeleza mambo ambayo mengine unayajua kuliko mimi. Usiudhike. Nataka barua hii aweze kuielewa hata mtu asiyeijua kesi yetu, na huko mbele utaona kwa nini.

Marehemu mama yetu, Mwanamkasi, alipovuka kutoka Pemba akaja kuishi Moa, babake Massoud alimpa ruhusa ya kupanda minazi kwenye ardhi yake. Ardhi ya mwenyewe, miti ya aliyepanda. Ndivyo wazee walivyoishi bila ugomvi, na kila mwaka mama alimpelekea mwenye ardhi nazi za mwanzo ili isije ikasahaulika ardhi ni ya nani. Minazi thelathini na mmoja. Imetulea sisi, na ndiyo inayokuweka wewe mpaka leo, maana chuo chako cha Kurani hujawahi kumtoza mtu. Sasa mzee yule hayupo, mama hayupo, na Massoud amerudi kutoka Mombasa anadai minazi ilipandwa na baba yake, mama alikuwa mwangalizi tu. Hati hakuna. Aliyekuwa amebaki duniani aliyeshuhudia kwa macho yake ni jirani yetu Mzee Sadalla.

Mwezi wa Shaaban uliopita, mradi ninaoufanyia kazi ulifika Moa kukusanya maneno ya wazee kuhusu ardhi na miti, nani alipanda nini, mpaka wa nani uko wapi. Wewe ulimleta Mzee Sadalla kwa bodaboda ya Anold, umemshika kwa nyuma asianguke, njia nzima anakutania kwamba watu watasema amepata mke mpya. Akasema maneno yake, yakaandikwa, akasomewa, akatia dole gumba. Mwezi wa Saba, Muharram imeingia, akafariki. Mwezi wa Tisa baraza la ardhi la kijiji likakaa. Ukasimama ukasema maneno ya Mzee Sadalla yapo kwenye mtambo wa mradi, na mwenyekiti, Mzee Shekhe, akanipigia simu mbele ya watu wote akaweka sauti kubwa. Nikatafuta. Nikajibu kwamba hakuna.

Yaliyofuata umeyabeba wewe. Massoud alisimama akasema mwanamke huyu anamtia maiti maneno mdomoni. Wazazi wakaanza kuulizana mwalimu anayemsingizia maiti atamfundisha mtoto nini. Kutoka watoto arobaini na tatu, Rahila ananiambia sasa chuoni kwako wanakuja tisa, na watatu kati yao ni wajukuu wa shangazi. Jumatano ijayo baraza linatoa uamuzi wa mwisho. Wewe mwenyewe umeshaanza kuamini kwamba uliota.

Hukuota, dada. Ngoja nikueleze mtambo ule unavyofanya kazi, na uvumilie kidogo, maana bila hiyo hutaelewa nilichokifanya.

Unajua siku ya khitma unavyogawa juzuu. Msahafu mzima kwa msomaji mmoja utachukua kutwa, kwa hiyo unagawa juzuu thelathini kwa watu, kila mmoja na yake, wanasoma kwa pamoja, na kabla ya adhuhuri imekwisha. Mtambo wetu ni hivyo hivyo. Maneno ya wazee wa pwani nzima hayakai kwenye mashine moja. Yamegawanywa mafungu kumi na mawili, kwa vijiji na vijiji jirani, na mafungu yamesambazwa kwenye mashine kadhaa. Ukitafuta jina, kila mashine inapekua fungu lake, majibu yanakuja kwa pamoja. Na kila fungu lina nakala yake mahali pengine, ili mashine moja ikifa, neno la mtu lisife nayo. Nani ashike fungu gani na nakala yake ikae wapi, hiyo ndiyo kazi yangu. Wewe unawagawia wasomaji juzuu, mimi nawagawia mashine mafungu. Watu wakiniuliza kazi yangu huwa nasema fundi wa kompyuta, lakini ukweli ndio huo.

Tuna vyumba viwili, kimoja hapa Makorora, kimoja Muheza. Nilikuwa nimeweka kanuni kwamba fungu na nakala yake visikae chumba kimoja kamwe. Kanuni nzuri, niliiandika mimi mwenyewe, na nilitamba nayo mbele ya wageni. Tatizo likawa umeme wa Muheza. Ramadhani yote ulikuwa ukikatika na kurudi, na kila ukikatika mashine za kule zinapotea, mtambo unaanza kutengeneza nakala upya, mtandao unajaa, simu yangu inapiga kelele. Nimefuturu mara ngapi na kompyuta mapajani! Ikafika siku ya mwisho ya mfungo, nimeahidi watoto tunakuja kwako Moa kula Idd, na simu haijanyamaza tangu alfajiri. Nikakasirika. Unanijua nikikasirika. Nikatoa amri mafungu yote yahame Muheza yaje Makorora. Mtambo ukakataa, kwa sababu kanuni yangu ilikuwa inauzuia kuweka fungu na nakala chumba kimoja. Basi nikaiondoa kanuni. Nikajiambia ni siku tatu tu, nikirudi nitairudisha. Mtambo ukanyamaza, nikafunga kompyuta, nikapanda gari.

Kungekuwa na nusura bado, maana hata bila kanuni ya vyumba mtambo wenyewe una adabu: hauweki fungu na nakala yake kwenye mashine yenye jina moja. Lakini miezi miwili kabla tulipungukiwa na mashine, mimi nikaichukua moja kubwa nikaigawa ndani kwa ndani, nikaipa majina mawili. Mtambo ukaamini ni mashine mbili. Mwenzangu Kristofa, yule Msambaa mpole uliyemwona kwenye harusi, aliniambia siku ile ile kwamba tuuambie mtambo kuwa majina yale mawili ni mwili mmoja, usije ukaweka mali na akiba yake humo humo. Ni kazi ya mstari mmoja wa maandishi. Nikamwambia asiwe na wasiwasi kama mama mkwe, tutafanya baada ya Idd.

Idd pili, wakati mimi niko ukumbini kwako nimeshiba pilau, namtania Mzee Sadalla aliyekuja kutoa mkono wa Idd, umeme ulikatika Makorora ukarudi kwa kishindo. Mashine ile yenye majina mawili iliungua. Mafungu mengine yote yalikuwa na nakala kwenye mashine nzima. Moja tu lilikuwa limewekwa, lenyewe na nakala yake, ndani ya kasha lile lile.

Ni fungu la Moa, dada. Maneno ya Mzee Sadalla yalikuwepo. Yaliandikwa kama ulivyosema, siku ile ile uliyosema, na yaliungua kwa mkono wangu.

Nimeandika sentensi hiyo nikainuka nikaenda kunywa maji. Laiti ingekuwa ndiyo mwisho! Mashine kuungua ni ajali, na uzembe ni uzembe, mtu unakiri unatukanwa kazi inaendelea. Nilichokifanya baadaye si ajali.

Fungu likipotea, mtambo haufichi. Unakuwa mwekundu, na mtu yeyote akitafuta jina anaambiwa kwamba sehemu moja haipo, majibu haya si kamili. Nilirudi Makorora Jumamosi nikaukuta mwekundu. Jumatatu walikuwa wanakuja wageni wanaotufadhili, na mkuu wetu, Bi Jenifa, alikuwa ameshapamba ofisi kwa maua. Kristofa alikuwa kwao Soni kwenye msiba. Nikatafuta akiba ya diski. Ya mwisho niliiandika mwezi wa Rajabu, kabla ya maneno ya Moa kuingizwa. Sauti zilizorekodiwa zilishafutwa kwenye simu. Nilikuwa peke yangu na ule wekundu.

Sasa ipo amri moja. Inaufanya mtambo uweke fungu tupu mahali pa lile lililopotea, ufunge hesabu, uwe kijani. Waliotengeneza mtambo walijua ni amri mbaya, kwa hiyo haikubali kubonyezwa tu. Inakudai uandike mwenyewe, kwa herufi zako, kwamba unakubali data ipotee. Niliandika. Wallahi dada, herufi sikukosea hata moja. Nilikuwa nawaza maua ya Bi Jenifa. Mtambo ukawa kijani, na tangu dakika ile mtu akitafuta jina la mzee yeyote wa Moa haambiwi kwamba yamepotea. Anaambiwa hakuna. Wageni walikuja, wakapiga picha, wakanipa mkono. Kristofa aliporudi akaniuliza kuhusu ile iliyoungua, nikamwambia kila kitu kilihama salama.

Na hapa ndipo ninapokosa pa kuuweka uso wangu. Siku ile ninaandika kwamba nakubali, Mzee Sadalla alikuwa hai. Nilikuwa nimetoka kupeana naye mkono siku mbili tu nyuma. Karatasi za dole gumba zilikuwa nzima kwenye stoo ya ofisi ya kijiji. Zilikuja kuliwa na mchwa baada ya masika, paa lilipovuja, na hakuna aliyezijali kwa sababu mimi niliacha watu waamini ziko salama kwetu. Ningesema Aprili, ingekuwa safari moja ya kwenda Moa na kurudi. Ningekaa na mzee barazani kwake asubuhi moja, akasema tena, tukaandika tena, yakaisha. Alikuwa hai Aprili, alikuwa hai Mei na Juni. Kila wiki nilijiambia wiki ijayo nitatafuta kisingizio niende nikamrekodi upya bila mtu kujua kwa nini. Kisingizio sikukikosa, nilichokosa ni uso wa kumwambia mzee wa miaka themanini na kitu arudie maneno aliyokwisha kuyasema. Halafu ukanipigia kwamba amefariki. Nilikuja maziko, ukaniona. Uliniona nalia ukanishika bega, ukawaambia watu kwamba Abdulla alimpenda sana yule mzee. Nilitia udongo kaburini kwake huku najua tunafukia nini.

Bado nilikuwa na nafasi ya mwisho, na hiyo wewe uliisikia kwa masikio yako. Mzee Shekhe aliponipigia mbele ya baraza nikajibu hakuna, yeye hakuridhika. Si unakumbuka? Aliniuliza tena, taratibu, kama kuna uwezekano maneno yaliwahi kuwepo yakapotea, maana anamfahamu Mwalimu Mize tangu msichana na hajamsikia akiongopa. Yaani mzee wa watu alinifungulia mlango kabisa, mimi nibaki kuingia tu. Nikamjibu kwamba kwetu hakipotei kitu. Nilimjibu kwa majivuno, dada, kama siku ile ninawaonyesha wageni kanuni yangu. Na mbali kwenye simu nikasikia watu wakiguna, na sauti ya Massoud ikiinuka.

Nimejitetea kwa kila namna miezi hii miwili. Nimejiambia nina watoto, kazi hazipatikani Tanga, nikifukuzwa wewe pia utaumia. Nimejiambia minazi yenyewe imezeeka. Hata nimewahi kukukasirikia wewe, eti kwa nini umwamini mtu wa mashine kuliko kumbukumbu yako. Mtu akiwa na hatia hana aibu ya mawazo. Lakini kijikaratasi chako cha kwenye kikapu kimenimaliza. Nilikuwa tayari unichukie. Sikuwa tayari uniombe msamaha kwa ukweli wako mwenyewe.

Basi, haya ndiyo niliyoyafanya tangu Jumatatu. Nimemwambia Rahila, hakunisemesha siku mbili, jana kaniwekea chakula. Nimemwambia Kristofa, akasema fungu lile lilikuwa na wazee mia mbili na kumi na wawili, si Mzee Sadalla peke yake, na akaniuliza kama nimeshahesabu ni kesi ngapi kama ya kwetu zinakuja. Sikuwa nimehesabu. Na leo asubuhi nimemwambia Bi Jenifa. Amenitaka niandike maelezo na nikabidhi funguo kesho. Yeye ataandika barua rasmi kwa baraza kwamba kumbukumbu za Moa zilikuwepo na zimepotea mikononi mwetu. Ushahidi wa hilo upo, maana mtambo unaandika kila amri na jina la aliyeitoa: fungu la Moa lilikuwa na watu mia mbili na kumi na wawili, tarehe kumi na tatu mwezi wa Nne likawa na sufuri, na jina lililoandikwa hapo ni langu.

Hilo litakusafisha wewe. Minazi halitaiokoa. Litathibitisha kwamba Mzee Sadalla alisema kitu, halitasema alisema nini. Vijana waliomwandika waliandika wazee mia mbili, hawakumbuki la nani ni lipi. Na anayejua alichosema, aliyeyasoma maneno yale mstari kwa mstari siku ya kuyaingiza, ni mtu mmoja tu. Ni mimi. Nayakumbuka, dada. Jina lilikuwa la mama yangu, ningesahauje? Alisema aliwaona wakipanda msimu wa mvua za vuli, mama anachimba mashimo, babake Massoud amesimama kando ya njia anamwambia aachie nafasi miti isibanane. Alisema mama alikuwa na mtoto wa kike mgongoni aliyelia bila kukoma, mpaka yeye Sadalla akampokea amsaidie, na mtoto akamlowesha kanzu yake ya Ijumaa. Alisema yule mtoto leo ndiye mwalimu aliyempakia kwenye bodaboda. Ulikuwa umekaa nje kwenye benchi, unangoja umrudishe kwake, hukulisikia hilo. Nilicheka nilipolisoma, nikasema nitakutania siku ya Idd. Siku ya Idd nikasahau, na baada ya Idd sikuthubutu tena.

Kwa hiyo Jumatano nitasimama barazani niape kwamba hayo ndiyo maneno yake. Massoud atasimama naye aulize, na ana haki ya kuuliza: huyu ni mtu aliyetuambia hakuna, na kwamba kwao hakipotei kitu, leo anasema yalikuwepo na anayakumbuka neno kwa neno, tena kwa faida ya dada yake, tumwamini lini? Shahidi wa pekee uliyebaki naye amejichafua mwenyewe kabla ya kuitwa. Nimeipekua akili yangu kutafuta njia nyingine ya kukurudishia minazi ya mama, sikuiona.

Sasa ombi langu, na ndilo lililonifanya niandike. Najua ukimaliza kusoma utataka kuichana barua hii. Tangu utotoni kosa langu ulikuwa ukilifunika kwa kanga yako, na ukipigwa wewe unasema haidhuru. Safari hii nakusihi, usinisitiri. Mpelekee Mzee Shekhe barua hii kabla ya Jumatano, aisome mwenyewe, kisha asome mbele ya watu wote, na Massoud awepo, na wale wazazi walioondoa watoto wao chuoni kwako wawepo. Nisingojwe mimi nifike nianze kupamba maneno, maana nimeshajijua. Na zile familia nyingine za Moa zilizokuwa zimeandikisha wazee wao, ziambiwe sasa hivi, wale wazee ambao bado wako hai waandikwe upya wiki hii. Kristofa amekubali kuja na kalamu. Mimi nikitakiwa nitakaa nje.

Usinijibu kwa kunifariji. Kama una hasira, njoo nayo Jumatano niione. Ukinyamaza, nitaelewa. Ila usiniandikie tena kwamba umri unakuchezea.

Nisalimie wajukuu wa shangazi na wale watoto sita wengine ambao wazazi wao hawakukuacha. Waambie mjomba wao wa Tanga anawaheshimu. Nisalimie shangazi, na Anold, umwambie kikapu kilifika salama. Kwa mjane wa Mzee Sadalla usifikishe salamu zangu, nitakwenda mwenyewe Jumanne magharibi nikiteremka garini, kabla sijafika kwako. Mola akupe afya ya goti na subira ya kuwa na ndugu kama mimi.

Ni mimi mdogo wako, niliyekuongopea,

Abdulla Hamadi
(na sahihi yangu nimeitia hapa chini, isije ikasemwa si yangu)